Kutoka kwa Nani?

Mhadhara kuhusu mahali pa vitu kwenye ukurasa wa wavuti, uliotolewa mbele ya walimu, wachapaji na wanafunzi, na kuchapwa hapa karibu kama ulivyosemwa

Nimeambiwa nina dakika hamsini na kwamba projekta imegoma. Si neno. Badala ya projekta nimekuja na kanga ya mke wangu, hii hapa nimeitundika ubaoni, na nimeapa kuirudisha bila doa la chaki.

Nimekuja na jambo moja. Kwenye ukurasa wa wavuti hakuna mahali penyewe. Kuna mahali kutoka kwa kitu fulani. Anayeweka kitufe, picha au kichwa cha habari huuliza, "Kikae wapi?" Swali hilo halijibiki mpaka aulize kwanza, "Wapi kutoka kwa nani?" Makosa mengi niliyoyaona katika kazi hii, na mengi niliyoyafanya mwenyewe, yalitokana na kuliruka swali la pili.

Nililiruka kwa miaka kwa sababu ya malezi yangu. Kazi ya kupanga kurasa nilijifunzia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Tanga, kwa mkasi, gundi na rula ya chuma. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, iwe Tanga, iwe Bukoba. Fundi wangu akisema, "Picha hiyo sentimita tatu kutoka juu, mbili kutoka kushoto," amemaliza. Karatasi haikui usiku. Msomaji hawezi kuigeuza ikawa nyembamba kama risiti ya duka, wala kuzikuza herufi zake kwa vidole viwili. Skrini hufanyiwa yote hayo kila siku, na mimi niliingia kwenye wavuti na rula yangu mkononi.

Kwa wasiojua ukurasa unavyotengenezwa, niseme kwa ufupi. Unakuwa na maandishi ya aina mbili. Ya kwanza, HTML, hutaja vilivyomo: hiki kichwa, hii aya, hii picha, hiki kitufe. Ya pili ni laha ya mitindo, ambayo mafundi tunaiita CSS, na kazi yake ni kueleza vilivyomo vionekaneje na vikae wapi. Kivinjari, iwe Chrome, Firefox au Safari, husoma yote mawili kisha huchora. Na kila kitu kwake ni kisanduku. Hata herufi nzuri za nakshi zilizomo kwenye nembo, kwake ni kisanduku cha pembe nne ndani ya kisanduku kingine, ndani ya kingine, kama visahani vya harusini vilivyopangwa kabatini.

Hoja ya kwanza: vitu vina foleni yao kabla hujavigusa

Ukiandika HTML bila kuongeza neno lolote la mtindo, ukurasa hausambaratiki. Aya hujipanga moja chini ya nyingine. Maneno hufuatana mstarini, na mstari ukijaa, neno linalofuata hushuka. Picha ikiongezwa katikati, zilizo chini yake husogea kuipisha. Huu ndio mtiririko wa kawaida, na kwenye CSS una jina lake, static. Mimi nauita mkao wa foleni.

Wanafunzi huudharau. Huona kama hali ya kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Lakini foleni hii inajua mambo usiyoyajua wewe: inajua upana wa simu ya msomaji, inajua kama ameongeza ukubwa wa herufi kwa sababu macho yamechoka, inajua kama tafsiri ya Kiswahili imekuwa ndefu kuliko Kiingereza chake, na mara nyingi huwa ndefu. Kila unapokitoa kitu kwenye foleni unajibebesha mwenyewe kazi ya kuyajua hayo yote. Ushauri wangu kwa anayeanza ni wa kizee: kabla ya kukihamisha kitu, kiache kwanza kilipo, ufungue ukurasa kwenye simu ya bei rahisi, uone kama kweli kinahitaji kuhama.

Hoja ya pili: anayetoka foleni lazima abebwe na mtu

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa.

CSS ina mkao unaoitwa relative. Kisanduku husogea kidogo kutoka pale kilipostahili kukaa, juu au chini, kulia au kushoto, lakini nafasi yake kwenye foleni hubaki. Mama zangu mnaujua mkao huu kutoka msibani. Mtu ameinuka kwenye mkeka kwenda kuchungulia sufuria. Ameacha mtandio pale alipokaa. Hakuna anayekaa juu ya mtandio. Yeye yuko jikoni, nafasi yake iko mkekani. Kipimo cha kusogea kwake huanzia kwake mwenyewe: hatua tatu kutoka pale nilipokuwa.

Mkao wa pili, absolute, ni habari nyingine kabisa. Kisanduku hutoka foleni na hakiachi mtandio. Wengine hujisogeza na kuziba pengo kama vile hakikuwahi kuwepo. Sasa kipimo chake kitaanzia wapi, na foleni haipo tena? Kivinjari hupanda ukoo. Humuuliza mzazi wa kisanduku hicho: "Wewe umepewa mkao wowote usiokuwa wa foleni?" Mzazi akisema hapana, humwendea babu. Babu akisema hapana, hupanda kwa babu wa babu. Wa kwanza kujibu ndiyo ndiye atakayembeba mtoto, na vipimo vyote huanzia kwenye kingo zake. Asipopatikana hata mmoja, mtoto hukabidhiwa kisanduku cha mwanzo kabisa, kinacholingana na dirisha la msomaji ukurasa unapofunguka.

Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza ukurasa wa duka la vitenge. Kila picha ilitakiwa iwe na lebo ya bei kwenye kona yake ya juu kulia. Niliandika absolute, juu sifuri, kulia sifuri, nikafungua. Lebo zote ishirini na nne zilikuwa zimerundikana kwenye kona moja ya ukurasa, juu ya nembo ya duka, bei juu ya bei, hazisomeki. Nilidhani kompyuta imeharibika. Kumbe kila lebo ilipanda ukoo wake, ikakuta baba, babu na wote juu wako kwenye foleni, hakuna wa kuibeba, ikakimbilia kwa mkuu wa ukoo. Dawa yake ilikuwa neno moja: kila kisanduku cha picha nikakipa relative, bila kukisogeza hata pikseli moja. Hakikuhama popote. Kilikubali tu kuitwa mzazi.

Jina la Kiingereza limetudanganya hapa. Absolute inasikika kama kitu kisichomtegemea yeyote, na baadhi ya walimu wameifundisha kama "mkao kamili". Hakuna mkao tegemezi kuushinda. Mimi nauita mkao wa mgongoni. Mtoto aliye kwenye mbeleko hakai kiti cha daladala, halipi nauli, hahesabiwi na konda. Lakini mama akishuka, naye ameshuka.

Sasa tuitazame kanga. Huu mstari mnene unaoizunguka ni pindo. Hili eneo la kati ni mji. Na hapa chini, ndani ya mji, ni jina, maneno yenyewe. Niambieni, jina limekaa wapi? Mwanafunzi mmoja hapo nyuma anasema chini katikati. Chini ya nini? Si chini ya kitambaa: chini ya kitambaa kuna pindo. Jina limepimwa kutoka ukingo wa chini wa mji, ndani ya pindo. CSS hupima vivyo hivyo. Kisanduku cha mgongoni hakipimwi kutoka nje ya mpaka wa mzazi, hupimwa kutoka ndani ya mpaka. Unene wa pindo hauhesabiwi. Ukiliongeza pindo upana na kitambaa kikabaki kilekile, mji unapungua na jina linapanda pamoja nao, bila mtu kubadilisha kipimo cha jina. Nimewaona mafundi wakihangaika saa nzima na pikseli mbili zisizojulikana zimetoka wapi, na zimetoka kwenye pindo.

Nichepuke kidogo kwenye historia, maana kuna vijana wanaodhani mambo haya yaliteremka pamoja na mvua. Wavuti ulianzia CERN, Geneva, kwa Tim Berners-Lee. Mnorwei aliyefanya kazi hapohapo, Håkon Wium Lie, alitoa pendekezo lake la laha za mitindo tarehe 10 Oktoba 1994, na Mholanzi Bert Bos akaungana naye. Pendekezo lile la mwanzo lilikuwa na wazo ambalo bado linanivutia: mwandishi na msomaji wote wawili wangetaja matakwa yao, kila mmoja na kiwango cha ushawishi wake kwa asilimia. Msomaji hakuwa mtazamaji tu. Asilimia zile hazikufika mbali, ila msomaji hadi leo anaweza kukuza herufi na wewe mbunifu ukanywea.

CSS ya kwanza ilipitishwa Desemba 1996. Mkao haukuwemo. Ungeweza kubadilisha rangi, herufi, nafasi za pembeni, na kuifanya picha ielee huku maneno yakiizunguka kama gazetini, basi. Watu waliotaka safu tatu walijenga majedwali, yale ya kuwekea hesabu, wakafuta mistari yake na kuvisukuma visanduku kwa picha angavu ya pikseli moja, isiyoonekana. Netscape nao mwaka 1997 wakaja na lebo yao wenyewe ya matabaka, ambayo haikuingia kwenye kanuni za pamoja. Mwaka huohuo, Januari, ilitoka rasimu ya kuviweka vipengele mahali kwa laha za mitindo, na ndani yake mlikuwa na mikono ya watu wa Netscape na wa Microsoft, kampuni zilizokuwa hazisalimiani. Rasimu ile ikaingia kwenye CSS ya pili, Mei 1998. Maneno relative na absolute ninayowasomea jioni hii ni ya umri huo.

Hoja ya tatu: dirisha nalo ni mzazi

Mkao wa tatu ni fixed. Kisanduku hakipandi mgongoni mwa mzazi. Hubandikwa kwenye dirisha la kutazamia. Fikirieni stika kwenye kioo cha daladala. Magomeni inapita, Manzese inapita, Ubungo inapita, stika iko palepale. Kivinjari cha Internet Explorer 6 cha mwaka 2001 hakikuuelewa mkao huu. Tulisubiri toleo la 7, mwaka 2006. Tulipoupata tukaupenda kupita kiasi, na mimi nilikuwa kinara.

Kampuni moja ya mabasi, ambayo siitaji kwa sababu kosa lilikuwa langu, iliniagiza ukurasa wa kukatia tiketi. Juu niliweka mwamba wenye nembo, umebandikwa. Chini nikaweka mwamba wa kijani wenye maneno LIPA SASA, nao umebandikwa. Kwenye kompyuta yangu ulipendeza. Wiki ya pili karani akanipigia: watu wanachagua kiti, wanaanza kuandika namba ya simu, kisha wanaacha na kuja dirishani kwake. Nikaenda stendi, nikasimama nyuma ya foleni. Mbele yangu mama mmoja ana simu yenye kioo kilichopasuka kona. Akagusa kisanduku cha namba. Kibodi ikapanda. Mwamba wa kijani ukapanda nao, ukakaa juu ya kibodi. Kati ya mwamba wa juu na ule wa chini ukabaki mwanya wa vidole viwili, na kisanduku alichokuwa anakiandika hakikuwa ndani ya mwanya huo. Kilikuwa chini ya kijani changu. Akaandika tarakimu nne, akasita, akamgeukia karani: "Mwanangu, hii inaandika au inaficha?"

Nilirudi nikauondoa mwamba. Kitufe cha kulipia nikakiweka kwenye foleni, mwisho wa fomu, pale ambapo mtu humalizia kujaza. Simu za malalamiko zikakoma. Baadaye sana, Oktoba 2023, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikika na watu wote, toleo la 2.2, uliweka kanuni kwamba kitu ambacho mtumiaji amekifikia kwa kibodi kisizibwe chote na vitu alivyoviweka mbunifu. Niliisoma kanuni ile nikamkumbuka mama wa stendi. Yeye alikwisha kuitunga.

Na msidhani fixed haina ndugu. Ukimpa mzazi wake mtindo wa kumzungusha au kumkuza, ule unaoitwa transform, mara moja mzazi huyo hujifanya dirisha, na stika yako hupimwa kutoka kwake na kutembea naye. Hakuna onyo. Fundi anaona mwamba uliokuwa umetulia miaka miwili umeanza kupanda na kushuka, kwa sababu mwenzake jana ameongeza madoido kwenye kisanduku cha juu.

Mkao wa nne, sticky, ulienea kwenye vivinjari vikubwa kufikia 2017, nami ninaupenda kuliko yote. Ni mkao wa kusindikiza. Kisanduku hukaa foleni kama wengine. Ukurasa ukipanda na kikakaribia kutoka juu, husimama pale na kuwasindikiza wanaopita, hadi mpaka wa mzazi wake, kisha kinaaga. Umeona mwenyeji anayekutoa nje: hakuachii mlangoni, wala haendi nawe mpaka kwako, anafika njia panda. Kwenye kamusi ya mtandaoni, herufi B husimama juu ukiwa unasoma baba, bahari, baraza, na ukifika C, B inasukumwa na kuondoka. Ukiona mkao huu haufanyi kazi, usianze na kisanduku chenyewe. Panda ukoo, mara nyingi utamkuta babu aliyeambiwa akate chochote kinachofurika, na hapo usindikizaji umekwishia mlangoni kwake.

Hoja ya nne: kimo

Hii naipita haraka, kwa sababu ni hoja ileile imesimama wima. Visanduku vikilaliana, nani awe juu? Kuna namba inayoitwa z-index, na mafundi hushindana nayo kama wanunuzi mnadani: wa kwanza anaandika 9, wa pili 999, wa tatu 99999. Nimeikuta 2147483647 kwenye kazi ya mtu, namba ya juu kabisa ambayo vivinjari vya kawaida hukubali, na kitu chenyewe bado kimefunikwa. Namba hizo hushindanishwa ndani ya ghorofa moja tu. Mzazi akiwa ghorofa ya kwanza, mtoto wake hata apande meza na juu ya meza aweke kiti, hamfikii aliyekaa sakafuni ghorofa ya pili. Kamtazame mzazi, acha mnada.

Hoja ya tano: shairi kwenye simu

Walimu wa Kiswahili, nawashukuru kwa subira. Sasa nimefika kwenu.

Rafiki yangu alitaka kuweka mashairi yake kwenye wavuti. Tarbia za kawaida: kila ubeti mishororo minne, kila mshororo ukwapi, nusu ya kwanza, na utao, nusu ya pili, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Aliyataka kama yanavyokaa kitabuni, ukwapi upande huu, utao ng'ambo ya pili, na katikati njia nyeupe iliyonyooka. Nikaitoa rula yangu ya Tanga. Ukwapi nikauacha pale, utao nikaubandika mgongoni mwa ubeti, pikseli 180 kutoka kushoto.

Nilifikiri hivi: vipande vyote vina mizani 8, kwa hiyo vina upana mmoja. Haya, nawatungia viwili hapahapa. "Ewe ua liliao": mizani nane, herufi kumi na moja. "Mchwa mkwajuni mwangu": mizani nane pia, hesabuni, m, chwa, m, kwa, ju, ni, mwa, ngu, herufi kumi na tisa. Sikioni ni ndugu mapacha. Machoni mmoja ni karibu mara mbili ya mwenzake. Kipande cha ua kiliacha uwanja mtupu mbele yake, na cha mchwa kikajikita ndani ya utao, herufi juu ya herufi. Nikasogeza utao hadi pikseli 240. Kwenye simu ya upana wa pikseli 360 sasa utao ukatoka nje ya skrini. Nikapunguza herufi. Rafiki yangu, mtu wa miaka sitini, akaziongeza ukubwa kwenye mipangilio ya simu ili asome, na zikalaliana upya.

Halafu likaja la pili, nalo sikulitazamia. Ili kurahisisha kazi, kwenye HTML nilikuwa nimeandika ukwapi zote nne za ubeti kwanza, kisha utao zote nne, maana kwa mkao wa mgongoni unaweza kukitupa chochote popote. Machoni haikuonekana. Mwalimu mmoja asiyeona aliufungua ukurasa kwa programu ya simu inayosoma skrini kwa sauti. Programu ile haitazami mahali vitu vilipochorwa. Hufuata mpangilio wa HTML. Ikamsomea ukwapi, ukwapi, ukwapi, ukwapi, ndipo utao nne mfululizo. Vina vya kati vikaenda kwao, vya mwisho kwao. Alinipigia kwa upole akaniuliza kama hii ni bahari mpya ya ushairi.

Tukaanza upya, safari hii tukiuliza swali. Utao unakaa wapi kutoka kwa nani? Si kutoka kushoto mwa ukurasa, wala si kutoka kwa ubeti. Unakaa baada ya ukwapi wake. Basi, kwenye HTML, kila mshororo ukawa na ukwapi wake na utao wake, kwa mpangilio wa kusomwa. Kuhusu safu tukatumia gridi, mtindo ambao Chrome, Firefox na Safari ziliupokea zote ndani ya mwezi mmoja, Machi 2017. Gridi haimtoi mtu foleni. Inaichorea foleni safu. Tukasema: mshororo una safu mbili zilizo sawa. Ukurasa ukiwa mwembamba kuliko upana fulani, na upana huo tukaupima kwa ukubwa wa herufi, si kwa pikseli, safu iwe moja, na utao ushuke chini ya ukwapi wake, umeingia ndani kidogo. Mzee anakuza herufi mpaka anaposhiba. Shairi linabadilika umbo, halivunjiki. Na sehemu za gridi hupewa majina unayotaka. Kivinjari hakiulizi lugha. Kwenye laha yetu kuna ukwapi na utao kama maneno halali ya msimbo, na mtu wa Oslo akiifungua itambidi aulize.

Limebaki moja. Rafiki yangu alitaka pia toleo la hati za Kiarabu, zile ambazo Kiswahili kiliandikiwa kwa karne nyingi Lamu, Pate na Mombasa kabla ya herufi hizi za Kilatini kutawala. Mstari huanzia kulia; kwa hiyo ukwapi hukaa kulia na utao kushoto. Kila mahali nilipokuwa nimeandika "kushoto" pakageuka kosa. Ujongezi ukaingia upande usiofaa, na pambo la mwanzo wa ubeti likakaa mwishoni. CSS ya leo inakuruhusu usiseme kushoto kabisa: unasema mwanzo wa mstari na mwisho wa mstari, na kivinjari kinajua mwanzo uko wapi kwa hati iliyopo. Tulipobadilisha maneno hayo, laha moja ikahudumia hati zote mbili. Nimeona kurasa nyingi za taasisi zinazochapisha Kiarabu na Kiswahili bega kwa bega, na karibu zote zinatunza laha mbili. Ni kazi ya bure.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme yanayokuja.

Mei 2024 Chrome ilitoa mtindo mpya wa kutia nanga, na Safari ikafuata 2025. Hadi hapo kisanduku cha mgongoni kilibebwa na mzazi tu, au babu. Sasa unakipa jina kisanduku chochote ukurasani, halafu unamwambia mwingine: kaa juu ya huyu; nafasi ya juu ikikosekana, kaa chini yake. Maelezo ya neno gumu yatasimama karibu na neno lenyewe, popote litakapokuwa mstarini, hata msomaji akikuza herufi. Zamani kazi hiyo ilihitaji msimbo mwingi wa pembeni wa kupiga hesabu kila ukurasa unaposogea. Fikirieni hati ya utendi iliyochapishwa mtandaoni, kila neno la kale na sherehe yake imetiwa nanga pale pale, badala ya tanbihi zilizozikwa mwisho wa kitabu.

Hilo ndilo ninalotaka tulijaribu. Jumamosi ijayo, kwenye chumba cha kompyuta cha jengo hilihili, kuanzia saa tatu asubuhi, nawaomba wanafunzi wa kompyuta waje na wa Kiswahili waje, wakae wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Kila jozi ije na ubeti mmoja ilioutunga yenyewe, wenye angalau neno moja linalohitaji maelezo. Anayekuja na simu yenye kioo kilichopasuka atapewa kiti cha mbele, maana ndiyo tutakayojaribia. Mwalimu niliyemtaja, yule wa bahari mpya, amekubali kuja kutusikilizia kazi zetu, na ameniahidi hatakuwa mpole mara ya pili.

Kwa sasa, maswali. Tuanze na binti wa pale nyuma, ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye pindo.